Maisha ya Daktari Robert Koch, aliyechunguza kidonda kinachooza

Katika toleo hili tunaendelea na desturi yetu ya kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia. Safari hii si mmisionari wala si mfalme. Ni mtu ambaye wengi wetu tumelibeba jina lake mfukoni bila kujua.

Kila aliyewahi kukohoa zaidi ya majuma mawili akaenda kituo cha afya, iwe Goma au upande huu wa mpaka, amepewa kikopo cha makohozi na karatasi yenye herufi mbili: BK. Kijana mmoja wetu alipoiona alicheka, akauliza kama Benki ya Kigali sasa inapima vifua. La hasha. Herufi hizo zimetoka katika Kifaransa. Ya kwanza ni ya kijidudu chenye umbo la fimbo, na ya pili ni ya Koch, daktari Mjerumani aliyekigundua.

Lakini hatumwandiki leo kwa sababu ya kifua kikuu. Miezi michache iliyopita mama mmoja wa kwaya yetu alipasuliwa ili mtoto atoke. Mtoto alitoka mzima. Siku ya tano kidonda kikaanza kutoa usaha na harufu. Siku ya saba mama alikuwa akitetemeka kwa homa, akipumua haraka kama mtu anayepanda mlima, na jina la mtoto wake hakulijua tena. Waganga wakatuambia kwamba vijidudu vya kidonda vimeingia damuni. Hospitali hatutaitaja. Alipona baada ya majuma mengi ya dawa za mshipa, na tunashukuru. Ila wakati tukimlinda kwa zamu tulisikia mengi. Wengine walisema amerogwa. Wengine walisema ni damu mbaya ya ukoo wake. Mzee mmoja, mtu mwenye akili, alisema ni hewa mbaya, kama mazuku yanayoua watu na mbuzi mabondeni kule karibu na Goma. Tusimcheke mzee huyo. Miaka 150 iliyopita hata maprofesa wa Ulaya walisema hivyohivyo, kwamba kidonda huozeshwa na hewa chafu. Basi tuone jinsi walivyokuja kuacha kusema hivyo.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa wachimba madini katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa wa migodi. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, 13 kwa jumla, na yeye alikuwa wa tatu. Alisomea udaktari Göttingen, ambako mmoja wa walimu wake, Jakob Henle, alikuwa ameandika zamani kwamba magonjwa ya kuambukiza huenda yanaletwa na viumbe hai vidogo mno. Wakati huo hayo yalikuwa mawazo tu, hakuna aliyekuwa ameyathibitisha. Koch alipata shahada mwaka 1866. Alitamani sana safari za mbali, lakini mwaka 1867 alimwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja, akawa daktari wa kawaida wa kutibu watu vijijini.

Mwaka 1870 Ujerumani na Ufaransa zilipigana, naye akajitolea kuhudumia wagonjwa. Sisi tunaojua vita tunaweza kuelewa hospitali za wakati ule. Askari alikuwa akipigwa risasi mguuni asife, akapelekwa hospitali, mguu ukakatwa, kisha akafa kitandani kwa kuoza kwa kidonda. Kati ya Wafaransa waliokatwa viungo katika vita hivyo, zaidi ya nusu walikufa. Daktari alifuta kisu kwenye aproni yake akaendelea na mgonjwa wa pili.

Si kwamba hakuna aliyekuwa ameonya. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi walikufa kwa homa ya uzazi kwa sababu wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaja moja kwa moja kuwapima akina mama. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini, na vifo vikashuka sana katika miezi michache. Wakubwa wengi walimkataa. Alikufa mwaka 1865 akiwa na miaka 47, katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa kidonda kilichooza. Miaka miwili baadaye, Mwingereza Joseph Lister, aliyekuwa akifanya kazi Glasgow, alieleza jinsi anavyoosha vidonda kwa asidi ya karboliki, na wagonjwa wake walipona kuliko wa wenzake. Wawili hao walikuwa na hesabu nzuri, lakini ni muuaji gani hasa aliyekuwa akiuawa na klorini ile au karboliki ile, hakuna aliyeweza kumwonyesha kwa kidole.

Mwaka 1872 Koch alipata kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Hakuwa na maabara wala msaidizi, na maktaba ilikuwa mbali. Alikata chumba chake cha kupokea wagonjwa kwa pazia. Upande huu alitibu watu, na upande ule aliweka hadubini na panya. Ng'ombe na kondoo wa wilaya walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch alichonga vijiti vidogo vya mti, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, akawachoma panya nyuma, karibu na mkia. Kesho yake panya wamekufa, na katika damu yao akaona vifimbo vilevile. Akavikuza katika maji ya jicho la ng'ombe, akaviona vikirefuka kama nyuzi kisha vikitoa mbegu zinazoweza kukaa kavu udongoni kwa miaka. Mwaka 1876 alisafiri na sanduku lake la panya hadi Breslau akawaonyesha maprofesa, nao wakakubali.

Kisha akageukia vidonda. Katika sehemu hii tunaomba msomaji asiharakishe, kwa kuwa ndiyo inayomhusu mama yetu wa kwaya.

Koch alichukua damu iliyooza, akaiingiza chini ya ngozi ya panya. Alipoingiza nyingi, panya alikufa upesi kwa sumu tu, kama mtu aliyekula kitu kibaya. Alipoingiza tone dogo, panya wengine hawakudhurika kabisa, na wengine waliugua baada ya siku moja hivi wakafa. Akachukua damu kidogo sana ya panya huyo aliyeugua, kiasi cha kulowesha ncha ya kisu, akamkwaruza panya wa pili. Naye akafa, kwa dalili zilezile. Kutoka wa pili hadi wa tatu, na kuendelea. Kama ingekuwa ni sumu peke yake, ingepungua kila mara hadi ikaisha, jinsi chumvi inavyopotea ukizidi kuongeza maji. Haikupungua. Kitu hicho kilikuwa kikizaliana ndani ya damu ya kila panya, kwa hiyo kilikuwa hai. Alipotia rangi na kutazama, akakiona. Akapata aina sita za kuoza na kuugua kwa vidonda katika panya na sungura, kila moja na kijidudu chake, na kijidudu cha aina moja hakikugeuka kuwa cha aina nyingine. Kitabu chake juu ya mambo hayo kilitoka mwaka 1878.

Kwa maneno mengine, usaha haukuzaliwa na mwili wa mgonjwa, wala na ukoo, wala na hewa ya ziwa. Kuna kitu hai kilichoingia kwa mlango, na mlango ni ngozi iliyopasuliwa. Kilibebwa na kitu fulani: ncha ya kisu, uzi, kitambaa, kidole.

Mwaka 1880 serikali ilimwita Berlin ikampa chumba cha kazi na wasaidizi. Huko alitafuta njia ya kutenganisha vijidudu, kwa maana katika mchuzi vilichanganyika vyote kama kuku wa majirani. Alianza na kipande cha kiazi kilichochemshwa: kila doa la ukungu juu ya kiazi lilikuwa ukoo mmoja. Baadaye akatumia gelatini, lakini iliyeyuka kwenye joto. Aliyeokoa kazi ni mwanamke, Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi, aliyejua kugandisha vyakula vyake kwa agari, unga unaotoka katika mwani wa baharini. Hadi leo maabara zote duniani hutumia ujuzi huo wa jikoni, na jina la mama huyo halitajwi mara nyingi. Sisi tumelitaja.

Mwaka 1881 Koch na wenzake walipima dawa za kuua vijidudu moja baada ya nyingine. Wengi hawakufurahia matokeo. Karboliki iliyochanganywa na mafuta, ambayo madaktari waliipaka kwa imani kubwa, haikuua kitu. Hata karboliki ya maji ilishindwa na mbegu za kimeta. Wakajaribu moto. Hewa kavu ilibidi ifike nyuzi 140 na kukaa saa tatu ndipo mbegu zife, na nguo zikaungua. Lakini mvuke wa maji yanayochemka uliziua kwa dakika chache tu, hata katikati ya furushi la nguo. Mama yeyote anayepika maharage ataelewa. Ukiyaweka kwenye kikaango kikavu yataungua nje na ndani yatabaki mabichi, ila ukifunika sufuria mvuke huingia hadi moyoni.

Kutokana na kazi hiyo madaktari wa Ujerumani walianza kupika vyombo, nguo na bandeji kwa mvuke kabla ya kupasua. Ile sufuria nene ya chuma yenye kifuniko cha kukaza, ambayo wauguzi wetu huiita otoklavu, ni ya ukoo huo. Huachwa kwenye nyuzi 121 kwa muda wa dakika 15 au 20 hivi, na muda huanza kuhesabiwa joto likishafika, si tangu moto unapowashwa. Umeme ukikatika katikati, hesabu huanza upya. Mgonjwa hawezi kuviona vyombo vikipikwa, lakini sindano ikifunguliwa kutoka katika karatasi yake mbele ya macho yake ataiona, na muuguzi akinawa kabla ya kugusa bandeji ataona pia. Kuomba hayo kwa heshima si utovu wa adabu. Sisi wakimbizi mara nyingi tunanyamaza tukiogopa kuonekana wasumbufu, na katika habari ya mama yetu tulinyamaza, tukaona bandeji ikibadilishwa na mikono iliyotoka kwa mgonjwa mwingine.

Wala hatari hiyo haimchagui mgonjwa peke yake. Septemba 2024 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa hapa Rwanda, ulipatikana kwa watu 66 na kuua 15, na wengi wao walikuwa wafanyakazi wa afya walioambukizwa wakihudumia wagonjwa katika hospitali za Kigali. Desemba mwaka huohuo ulitangazwa kwisha.

Turudi kwa Koch. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama Berlin mbele ya madaktari akawaonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Ndiyo BK yetu, na ndiyo sababu dunia huadhimisha siku ya kifua kikuu tarehe hiyo. Mwaka 1883 alikwenda Misri, kisha Calcutta katika India, kufuata kipindupindu. Huko Alexandria kijana Mfaransa aliyekuja kwa kazi hiyohiyo, Louis Thuillier, aliugua akafa. Wajerumani na Wafaransa walikuwa washindani wakali tangu ile vita, lakini Koch na wenzake walikuja mazikoni. Huko Calcutta mwaka 1884 alieleza kijidudu chenye umbo la mkato wa mwandishi, kinachokaa katika maji ya mabwawa. Na mwaka 1892, kipindupindu kilipoua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg, waliokunywa maji ya mto bila kuchujwa, mji jirani wa Altona uliochuja maji yake kwa mchanga ulinusurika kwa sehemu kubwa, ingawa miji hiyo ilitenganishwa na mtaa tu.

Kwa wale walio na umri, hatuna haja ya kueleza zaidi. Julai 1994 mamia ya maelfu walivuka kutoka hapa Gisenyi kwenda Goma. Ardhi ni jiwe la volkano, choo hakichimbiki wala kaburi, na watu walikunywa maji ya ziwa. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, kwanza kwa kipindupindu, kisha kwa kuhara damu.

Sasa tufike mahali ambapo wengine wangependa tupite kimya. Mwaka 1890 Koch, akiwa mtu mashuhuri kuliko madaktari wote, alitangaza kwamba amepata dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka nchi nyingi, wengine wakifia njiani. Dawa hiyo, tuberkulini, alificha jinsi inavyotengenezwa. Alikuwa ameharakisha. Haikuponya, na wengine ilizidisha ugonjwa wao. Daktari Rudolf Virchow alipopasua maiti alionyesha wazi madhara yake. Leo tuberkulini inatumika kupima tu, ile sindano ya ngozi ya mkono. Miaka hiyohiyo nyumba yake ilivunjika. Mwaka 1893 aliachana na Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 30.

Safari alizotamani ujanani akazipata uzeeni. Mwaka 1897 na 1898 alikaa Dar es Salaam, wakati Tanganyika, Burundi na hii Rwanda vilihesabiwa kuwa nchi moja ya Wajerumani. Alichunguza malaria, tena akathibitisha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kisiba, kaskazini ya Bukoba, ni tauni. Mwaka 1905 alirudi, akaonyesha jinsi kupe wanavyoeneza homa ya vipindi. Mwaka huohuo alipewa tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikuja tena kwa ajili ya malale. Ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o ulikuwa ukimaliza watu wa pwani na visiwa vya Viktoria. Upande wa Uganda zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka hiyo. Koch alipiga kambi yake Bugala, katika visiwa vya Sese, na wagonjwa walikuja kwa mitumbwi, wengine wakibebwa. Aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye arseniki ndani yake. Mwanzoni ilionekana kama muujiza. Waliobebwa walitembea, tezi za shingoni zikapungua. Habari ikaenea, wakaja mamia. Kisha wengi wakaugua upya. Koch akaongeza kipimo mara dufu, hadi gramu moja kwa sindano, tena kwa kurudia. Watu wakalalamika kwa maumivu na kizunguzungu. Baadaye macho yakaanza kufifia. Mwanzoni alidhani kuona kutarudi. Hakukurudi. Watu 22 walipofuka kabisa, ndipo akarudisha kipimo kidogo.

Tumejadiliana sana kama tuandike hili, tukaamua ndiyo. Mtu huyuhuyu aliyehesabu panya mmoja mmoja huko Wollstein, akingojea mpaka awe na hakika, alipofika kwa watu wasiojua lugha yake wala kuweza kumshtaki, alipandisha dawa kabla ya kujua mwisho wake. Hatusemi alikuwa mwovu. Watu wa Sese walikuwa wakifa kwa wingi, na hakukuwa na dawa iliyo bora. Lakini katika kumbukumbu zetu tunao hata sasa ndugu waliopewa sindano wasizoelezwa, kwa sababu tu walikuwa kwenye foleni ya wakimbizi.

Koch aliondoka mwaka 1907. Alishauri wagonjwa wakusanywe katika kambi za peke yao, na Wajerumani wakazijenga kando ya Viktoria na Tanganyika. Wengi walizitoroka. Waingereza kwa upande wao waliamuru watu wahame mwambao wa ziwa na visiwa, wasikutane na mbung'o. Nyumba za Sese zikaachwa wazi, mitumbwi ikakatazwa, mashamba ya ndizi yakawa msitu.

Yeye mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Moyo wake ulichoka, akafa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910, akiwa na miaka 66. Mwili ulichomwa, na majivu yake yamewekwa Berlin ndani ya ukuta wa taasisi yenye jina lake. Watu wa Sese, waliohamishwa alipokuwa bado hai, walikaa ugenini miaka mingi, na ni baada tu ya vita kuu ya kwanza ndipo walipoanza kuruhusiwa kuvuka maji kurudi kwao.